Mtoto Mchanga Katika Historia ya Pasipoti

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtoto mchanga alivuka mpaka wa nchi akiwa jina tu lililoandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi wake. Mkutano ulioitishwa mjini Paris mwezi Oktoba 1920 na Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa, ulipendekeza pasipoti ya namna moja yenye kurasa 32, ambayo ilimweka mke katika kitabu cha mumewe na kuwataja watoto bila picha zao. Utaratibu huo uliipunguzia familia gharama, lakini ulikuwa na kasoro nzito, kwa kuwa afisa wa mpakani hakuwa na sura ya kulinganisha na mtoto aliyebebwa mbele yake, na mzazi ambaye pasipoti yake haikumtaja mtoto hakuweza kusafiri naye peke yake.

Hofu ya watoto kutoroshwa, iliyozaa Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 kuhusu watoto wanaopelekwa nchi nyingine isivyo halali, ilichangia kuuondoa utaratibu huo, sawa na ujio wa pasipoti zinazosomwa kwa mashine, ambazo mistari yake ya herufi na tarakimu hubeba taarifa za mtu mmoja tu. Uingereza iliacha kuwaandika watoto katika pasipoti za wazazi mwezi Oktoba 1998, na katika Umoja wa Ulaya maandishi ya namna hiyo yalikoma kutambuliwa mwezi Juni 2012.

Hata hivyo, pasipoti ya mtoto hutegemea cheti cha kuzaliwa, yaani hati ya serikali inayothibitisha wazazi, mahali na tarehe ya kuzaliwa, na hapo ndipo historia ya Afrika Mashariki inapouma zaidi. Nchini Kenya, serikali ya kikoloni ililazimisha usajili wa vizazi kwa Wazungu, kisha kwa Waasia, huku Waafrika walio wengi wakiachwa nje ya daftari, na ilipofika mwaka 1971 ndipo ulazima huo ulipoenea nchi nzima. Ubaguzi huo haukuwa jambo dogo la kiofisi, kwani mtu asiye na cheti humwachia mwanawe ugumu wa kuthibitisha uraia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unaagiza mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa, na serikali inayochelewesha cheti hicho inamnyima mtoto haki yake.