Elimu ya Kusoma Vivuli vya Kifua

Mwezi wa Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mwanachuoni Wilhelm Conrad Röntgen alivumbua nuru isiyoonekana, yaani eksirei, ipenyayo nyama na kuzuiliwa na mfupa. Na mwaka uliofuata matabibu, miongoni mwao Francis Williams wa Boston, walikwisha kuielekeza vifuani mwa wagonjwa ili kutafuta athari za kifua kikuu. Kabla ya hapo tabibu aliyajua mapafu kwa sikio, kwa kugonga kifua kwa kidole na kusikiliza mlio wake. Sasa alipewa kivuli, akatakiwa akisome.

Wengi walidhani kwamba mwenye macho hana haja ya kufundishwa kuona. Dhana hiyo ilivunjika Marekani mwaka 1947, wataalamu walipotaka kujua ni picha ya namna gani ifaayo zaidi kuwapimia watu wengi kifua kikuu. Waliwapiga eksirei watu 1,256, kila mmoja kwa njia nne, kisha wakawakabidhi picha wasomaji watano. Ikadhihiri kwamba hitilafu baina ya picha ilikuwa ndogo kuliko hitilafu baina ya wasomaji. Tena msomaji akirudishiwa picha ile ile baada ya muda, mara nyingine alijipinga mwenyewe. Mizani iliyoletwa kupimia picha ikawapima wao. Ndipo iliposhauriwa kila picha isomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake.

Mwaka 1950 Benjamin Felson wa Cincinnati alieneza kanuni iliyowapa wasomaji lugha moja. Katika picha hewa ni nyeusi, mfupa ni mweupe, na maji na nyama ni rangi moja iliyo baina ya hizo mbili. Basi ukingo wa moyo huonekana kwa kuwa umepakana na hewa ya pafu. Sehemu ya kati ya pafu la kulia ikijaa majimaji ya nimonia, ukingo wa kulia wa moyo hutoweka, ilhali moyo wenyewe uko pale pale.

Kwa hiyo mwanafunzi hafundishwi kutafuta doa tu, bali pia mstari uliopaswa kuwapo na haupo. Na akishamaliza kutazama yote, huamriwa arudi mahali ambapo jicho hupita upesi: nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, na chini ya kiwambo.