Kaunti si Kipimo: Nani Apendelewe Kuingia Chuo Kikuu Taita Taveta?

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza, Juni 2023, rangi ya mwombaji kuzingatiwa katika udahili wa Harvard, wapo wanaodai kwamba Kenya nayo iache alama pekee ziamue. Dai hilo halina msingi kwetu. Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali iyape makundi yaliyotengwa nafasi maalumu za elimu, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeikabidhi KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kazi ya kuweka vigezo. Linalobaki ni kipimo.

Wengi hushika kaunti. Ni kweli Taita Taveta ilikuwamo katika kaunti 14 ambazo Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitaja kwanza kuwa zimetengwa. Lakini mtoto wa Wundanyi aliyesomea bweni katika shule ya kitaifa na mtoto wa kibarua wa mkonge aliyesoma kutwa huko Mwatate huandika kaunti ileile kwenye fomu, na ukipunguza alama kwa jina la kaunti, wa kwanza ndiye atakayefaidi. Tume yenyewe iligeuka mwaka 2018, ikahesabu maeneo 1,424 yaliyotengwa ndani ya kaunti 34.

Pengo la watoto hao huanzia shuleni. Tazama somo la Fizikia. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, karibu na Voi, kinafundisha uhandisi wa madini katika kaunti inayochimbwa kito cha tsavoriti tangu miaka ya 1970. Kozi za uhandisi zinadai Hisabati, Fizikia na Kemia. Sasa ingia katika shule ndogo ya kutwa: mwalimu mmoja wa sayansi, na maabara ambayo ni darasa lenye meza ndefu na mtungi wa gesi unaotolewa stoo msimu wa mtihani. Kidato cha Pili kilipokwisha, wanafunzi waliambiwa wachague masomo, na Fizikia ikaachwa kwa sababu hakukuwa na wa kuifundisha. Miaka miwili baadaye msichana hodari anapata B, na uhandisi umeshampita. Kumpunguzia alama hakumsaidii kitu. Alichokosa ni somo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kipimo kiwe shule: ina walimu gani, inafundisha masomo gani. Aliyenyimwa somo apewe mwaka wa maandalizi chuoni kwa gharama ya umma.

Watasema wazazi wenye uwezo watawahamishia watoto shule duni ili wapate nafasi. Basi ahesabiwe aliyekaa humo miaka yote minne. Sidhani kama wengi watakubali kulipa bei hiyo. Wala kutofautisha watoto kwa shule si jambo geni kisheria: mwaka 2011 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi wa shule za kibinafsi waliopinga mgao wa nafasi za Kidato cha Kwanza katika shule za kitaifa. KUCCPS haihitaji sheria mpya. Masomo ambayo kila shule iliwasajilia watahiniwa wake yamo tayari katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani.