TOT na Muungano: Ubishi Usioisha

Wadau, ubishi wa TOT na Muungano bado haujafa, muulize mzee yeyote hapo mtaani. Usiku mmoja unapata ngoma, maigizo, kwaya, sarakasi, halafu taarab ndo inafunga kazi. TOT ilianzishwa 1992, mwaka ule ule vyama vingi vinarudi, CCM ikawa na kundi la kuvuta watu. Kapteni John Komba kwenye kwaya, Khadija Kopa kwenye taarab. Muungano nao wakawa na Nasma Khamis. Mipasho ikawa ya kujibizana, mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga.

Kwenye mipasho siamui, mtanipiga. Ila kwaya? Komba hana mpinzani. Oktoba 1999 Mwalimu kafariki London, kaletwa kuzikwa hapa kwetu Butiama, redioni ni nyimbo za TOT tu. Mpaka leo ikifika Oktoba 14 zinapigwa, hata aliyezaliwa 2000 anazijua.

Komba alifariki Februari 2015. Sasa hapa ndo tunabishana: TOT ibaki ya kampeni, au irudi na maigizo? Mimi nasema maigizo yarudi. Kampeni ni kila miaka mitano, katikati hapo tunaangalia nini? Na watunzi wapya wapewe nafasi, maana za Komba tunazo zote kichwani. Wewe uko upande gani?