Neno, Ukimya na Ushahidi: Kuitafuta Historia ya Mapenzi ya Jinsia Moja kutokea Mpanda

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, lakini kumbukumbu zake ni kongwe kuliko mipaka yake. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879, kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885. Baadaye mji wa Mpanda ulikuzwa na mgodi wa madini ya risasi na reli itokayo Kaliua. Katika miaka ya 1970 wakimbizi kutoka Burundi walipewa makazi Katumba na Mishamo. Kila wimbi la wageni liliacha maandishi, na waandishi wake waliandika walichotumwa kuandika: ubatizo, ndoa, ujira, mgawo wa chakula. Mtu ambaye mapenzi yake hayakuingia katika safu hizo hana ukurasa. Makala haya yanajadili namna historia ya mtu huyo inavyoweza kutafutwa, na hadhari inayohitajika.

Ushahidi wa kwanza ni msamiati, na hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Makala ya Kijerumani iliyochapishwa mwaka 1899 kuhusu Zanzibar ilirekodi maneno kama *mke-si-mume*, *hanisi* na *kusagana*. Istilahi hizo, basi, zilikuwa vinywani mwa watu wa pwani zaidi ya karne moja iliyopita. Hata hivyo, maana zake hazikutulia. *Shoga* ni jina la mapenzi ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenzake, na maana hiyo ingali hai kando ya ile inayomhusu mwanamume. *Hanithi*, lenye asili ya Kiarabu, kwa Mswahili huweza kumaanisha mwanamume asiye na nguvu za kiume. Huko Sohar, Oman, Unni Wikan alieleza mwaka 1977 kwamba neno la asili hiyohiyo lilitaja kundi la watu lenye nafasi yake inayotambulika katika jamii.

Haya ni maneno ya pwani. Mtafiti akimwuliza mzee wa Kibende au wa Kipimbwe kwa neno *shoga*, ameuliza swali la Unguja. Akijibiwa kwamba halipo, amejibiwa kuhusu neno, si kuhusu watu.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza: kukiona kila kisichofanana na ndoa ya kawaida kuwa ushahidi. Miongoni mwa Wakuria wa Mara, desturi ya *nyumba ntobhu* humruhusu mwanamke kuoa mwanamke. Kisarufi, desturi hiyo inamweka mwanamke kuwa mtenda wa kitenzi *oa*, jambo ambalo Kiswahili cha kawaida humtengea mwanamume. Lakini kiini chake ni nyumba, watoto na urithi; kuitafsiri moja kwa moja kuwa mapenzi ni kuwasemea wahusika.

Nyaraka za mahakama nazo zasomwe kwa jicho hilohilo. Mwaka 1910, jijini Dar es Salaam, mhariri Willy von Roy alishitakiwa kwa kumkashifu Gavana Albrecht von Rechenberg kwa tuhuma za uhusiano na wanaume Waafrika. Heike Schmidt, aliyeichunguza kashfa hiyo mwaka 2008, aliiweka ndani ya siasa za koloni, ambamo walowezi walikuwa wakigombana na gavana. Waafrika waliotajwa humo waliingia kwenye kumbukumbu kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa.

Kisha ikaja lugha ya sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930 ilikuwa na dhana ya kosa la "kinyume cha maumbile", iliyorithiwa kutoka sheria za Kiingereza. Sheria ya mwaka 1998 iliongeza adhabu kuwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kwa hiyo, Mpanda ya leo, jina la msimulizi likiandikwa daftarini laweza kugeuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Mfano wa hadhari umo mkoani humohumo. Katikati ya miaka ya 1980 Liisa Malkki alikusanya Mishamo masimulizi ya wakimbizi Wahutu, na katika kitabu chake cha mwaka 1995 aliyapanga masimulizi hayo bila kuwaanika wasimulizi. Historia ya jamii ilihifadhiwa; watu wake hawakuuzwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtafiti wa Katavi aanze kwa kusikiliza jinsi Kibende, Kipimbwe na Kikonongo vinavyomtaja mtu aliyekaa bila kuoa, rafiki asiyeachana na mwenzake, au mwanamke aliyeongoza nyumba yake. Aandike maneno kabla ya kuyatafsiri, afiche majina, na ayarudishe matokeo kwanza kwa waliosimulia, wao waamue kipi kisomwe hadharani. Historia inayopatikana kwa kumhatarisha mwenyewe haijamrudishia kitu.