Miaka Mitatu ya Kuvumilia

Ukunda kila mtaa una dadake mtu aliyeolewa Ujerumani. Picha za theluji tunatumiwa. Hesabu ya miaka hatuambiwi.

Sheria ya kule ya 1990 ilitaka mke mgeni akae na mumewe miaka minne ndipo kibali kiwe chake mwenyewe. Ndoa ikivunjika kabla, kwa kawaida safari ni ya kurudi nyumbani. Mwaka 2000 ikashushwa hadi miwili. 2011 wakaipandisha tena, mitatu, eti kuzuia ndoa za uongo.

Sasa jiweke pale: unapigwa, umebakisha miezi mitano. Kipigo ni sababu ya kutosubiri, sheria yasema hivyo, lakini uthibitishe, tena kwa lugha yao. Wangapi hunyamaza tu? Ukishapata kibali cha kudumu, talaka pekee haikunyang'anyi.

Na kwetu je? Kabla ya 2010, mke mgeni wa Mkenya aliweza kuomba uraia. Mume mgeni wa dada wa Msambweni, hapana! Katiba mpya ikawasawazisha: ndoa ya miaka saba, unaomba. Ukishaandikishwa, hata muachane, uraia unabaki. Mjerumani wa Diani aliyefika hapo, mkewe akimtimua nyumbani, nchini habanduki.