Mpaka wa Mkono: Mieleka, Ndondi na Adabu katika Bonde la Owino

Miongoni mwa vilima vya Kampala limo bonde la Nakivubo, na katika bonde hilo, baina ya uwanja wa michezo na mfereji uchukuao maji ya mji kuyapeleka katika Ziwa Viktoria, limekaa soko ambalo wafanyi biashara wa Uganda, Kenya na Kongo hulijua kwa jina la Owino. Soko hilo lilianzishwa mwaka 1971, na jina lake rasmi leo ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Huuzwa humo nguo za mitumba, ambazo wenyeji huziita mivumba, na viatu, na nafaka, na samaki wakavu, na dawa za mitishamba; na maelfu ya wachuuzi, hamali na wanunuzi husongamana katika vichochoro ambamo watu wawili wenye mizigo hawawezi kupishana pasipo mmoja kumpa mwenziwe njia. Mahali pa namna hii, ambapo fedha hutoka mkono huu kuingia mkono ule tangu alfajiri hata magharibi, hapakosi mwizi, wala mlevi, wala mtu apendaye kuchukua haki kwa mabavu. Kwa hiyo jinsi mtu awezavyo kujilinda bila ya kudhulumu ni jambo linalowahusu watu wa Owino kila siku, na mafundisho yake katika upande huu wa mji yana umri mkubwa kuliko soko lenyewe.

Sanaa tatu za kupigana zimepata wanafunzi hapa kwa zamu: mieleka ya Buganda, ndondi zilizoletwa na wakoloni, na karate na kung fu zilizotoka Asia. Kila moja ilikuja na vitu viwili vilivyofungwa pamoja, nguvu ya mkono na mpaka wa mkono. Na mtu aifuatiaye historia yake kwa makini ataona kwamba waliopokea vyote viwili walipata heshima, ilhali waliochukua nguvu na kuutupa mpaka walijiletea aibu, na baadhi yao waliwaletea msiba watu wasio na hatia.

Mieleka, ambayo Waganda huiita ekigwo, ndiyo kongwe. Ilichezwa vijijini na ilichezwa katika ua wa Kabaka, ambamo vijana watumishi, wana wa machifu na wa watu wa kawaida, walilelewa pamoja na kupimana nguvu. Mmishenari John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Waganda kilichotoka mwaka 1911, aliuhesabu mchezo huo miongoni mwa michezo ya taifa hilo. Kanuni yake kuu ni nyepesi, na hekima yake ni kubwa: mtu akibwagwa chini kwa mgongo, shindano limekwisha. Aliyeshinda hana ruhusa ya kumpiga aliyeanguka, na aliyeanguka huinuka, hujipangusa vumbi, na hurudi kukaa na wenzake bila ya kuvunjiwa hadhi. Desturi zenye maana kama hiyo zimo pia katika pwani yetu. Huko Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa mapande ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kitoke hadharani na kisivuke kuingia mwaka mpya. Wazee waliobuni desturi hizi walijua kwamba hasira haiondoki kwa kukatazwa tu. Walitafuta mahali pa kuitoa, wakaweka na saa ya kuinyamazisha.

Katika ua huo wa Kabaka ndimo alimokulia Yosefu Mukasa Balikuddembe, ambaye soko limepewa jina lake. Alikuwa mkubwa wa watumishi vijana wa Kabaka Mwanga, na alitumia cheo chake kuwakinga vijana hao na matakwa maovu ya mfalme wao. Askofu James Hannington alipouawa huko Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, Balikuddembe alidiriki kumkemea Mwanga kwa mauaji hayo, na kwa ukweli huo alihukumiwa kufa. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 katika bonde hili la Nakivubo. Hakuinua mkono juu ya mtu yeyote, walakini katika habari zote za kujihami na kuhami wengine zilizopata kutokea mahali hapo, hapana moja ipitayo ile ya mtumishi aliyesimama baina ya mwenye nguvu na wanyonge, hali akijua gharama yake.

Ndondi zilikuja na Waingereza. Zilifundishwa katika shule, katika polisi, na zaidi ya kote katika jeshi la kikoloni la Keya, ambalo lugha yake ilikuwa Kiswahili na ambalo maofisa wake waliona katika ulingo njia ya kuwapa askari ukakamavu na utii kwa pamoja. Mchezo huu ulileta mpaka wa aina mpya, mpaka wa saa na wa sheria iliyoandikwa: dakika tatu za kupigana na moja ya kupumzika, kengele, mwamuzi, mizani ya kupimia uzito ili mkubwa asimwonee mdogo, na glavu ili mfupa usikutane na mfupa. Haruhusiwi mtu kupiga chini ya mkanda, wala kisogoni, wala kumpiga aliyepiga goti. Vijana wa Kampala waliupokea kwa mapenzi, kwa maana ulikuwa mchezo usiohitaji mali. Ukiwa na kamba ya kurukia, gunia la mchanga na mwalimu mwenye subira, unaweza kuanza.

Matunda yake hayakukawia. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1958 huko Cardiff, Thomas Kawere alipata medali ya fedha. Na mwaka 1962 huko Perth, wiki chache baada ya Uganda kupata uhuru tarehe 9 Oktoba, George Oywello alitwaa dhahabu katika uzani mzito. Medali za kwanza za Olimpiki katika historia ya Uganda zilitoka ulingoni: Mexico mwaka 1968, Eridadi Mukwanga alipata fedha katika uzani wa bantamu na Leo Rwabwogo shaba katika uzani wa flai, na Rwabwogo akarudi Munich mwaka 1972 akapata fedha. John Mugabi alipopata fedha nyingine huko Moscow mwaka 1980, Uganda ilikuwa na medali tano za Olimpiki kwa jumla, na nne kati yake zilikuwa za mabondia. Ile moja iliyobaki ilikuwa dhahabu ya John Akii-Bua katika mbio za kuruka viunzi. Taifa changa lilijulikana ulimwenguni kwa ngumi za wana wa maskini, nazo zilikuwa ngumi zilizojua kusimama kengele ilipolia.

Lakini historia haina haki ya kuficha jina la bondia mwingine. Idi Amin, askari wa Keya, alikuwa bingwa wa Uganda katika uzani unaokaribia ule mzito tangu mwaka 1951 hata 1960. Tarehe 25 Januari 1971, mwaka ule ule ambao soko la Owino lilianzishwa, alitwaa serikali kwa nguvu ya bunduki. Mwezi Agosti mwaka 1972 aliwaamuru Waasia watoke nchini kwa siku 90, na kabla ya utawala wake kuanguka mwaka 1979 watu wengi mno walikuwa wameuawa, hata wako wanaokadiria idadi yao kufika laki tatu. Mtu huyu alifundishwa kila kanuni ya ulingo. Aliijua kengele, alimjua mwamuzi, alijua kwamba aliyeanguka hapigwi. Lakini alipofika mahali pasipo na kengele wala mwamuzi, alijionyesha kuwa alijifunza kupiga tu. Wale wasemao kwamba mazoezi ya kupigana hutengeneza tabia njema yenyewe kwa yenyewe hawana budi kumkumbuka Amin. Mazoezi hutia nguvu katika kila alichonacho mtu, kizuri na kibaya, na adabu haiingii moyoni mpaka mwanafunzi aikubali kwa hiari yake na mwalimu amsimamie mpaka iwe hulka.

Tumlinganishe na Ayub Kalule, Mwislamu kama yeye na bondia kama yeye. Mwaka 1974 Kalule alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, na mwaka ule ule, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya mabondia wa ridhaa huko Havana, alikuwa bingwa wa dunia. Nchi ilikuwa imejaa hofu, na yeye aliondoka akaenda kuishi Denmark. Tarehe 24 Oktoba 1979 huko Akita, Japani, alimshinda Masashi Kudo akawa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala aliyepata ustadi wake Uingereza, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1981. Na Mugabi alipata ubingwa wake mwaka 1989. Wote hawa walipata sifa ugenini, na wote waliuheshimu mpaka wa mkono. Nguvu ya Amin ilipata dola nzima, na jina lake likabaki laana.

Sanaa ya tatu ilikuja kwa njia ya picha. Filamu ya Bruce Lee iitwayo Enter the Dragon ilitoka mwaka 1973, mwaka ambao mwenyewe alifariki, na tangu hapo kung fu ilishika nyoyo za vijana wa miji yote ya Afrika ya Mashariki. Katika Kampala filamu hizo zilishuka kutoka majumba makubwa ya sinema zikaingia katika vibanda vya video, ambamo mtu akaaye kando ya kioo na kipaza sauti, aitwaye VJ, huzifasiri kwa Kiganda papo hapo na kuzitia chumvi kwa maneno yake. Huko Wakaliga, si mbali na bonde letu, Isaac Nabwana, ambaye utotoni alizijua filamu hizo kwa masimulizi ya ndugu zake kabla ya kuziona, aliunda kampuni ya filamu na akawakusanya vijana wa mtaa wenye mazoezi ya kung fu. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ilitazamwa ulimwenguni kote.

Hata hivyo filamu huonyesha teke na huacha nyuma kile kinachotangulia teke. Katika ukumbi wa karate mwanafunzi huinama kwa taadhima kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Hurudia hatua moja mpaka achoke na kuirudia tena. Na hufunzwa lile alilolishikilia Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyekwenda Tokyo mwaka 1922 kuitambulisha sanaa yake, kwamba mwanakarate hawi wa kwanza kupiga. Katika judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano mwaka 1882, aliyekabwa akipiga mkeka kwa kiganja hulazimika kuachiliwa mara moja. Huu ni mpaka ule ule wa ekigwo, umevaa nguo nyeupe.

Mtu wa Owino ana haja ya elimu hii kwa sababu soko lina adui aliye hatari kuliko mwizi, nalo ni kundi la watu wenye hasira. Mwizi akishikwa katika masoko ya Kampala, mara nyingi ukelele mmoja hutosha kuwakusanya watu mia, na wengi wamekufa kwa mawe na marungu kabla ya polisi kufika, baadhi yao wakiwa hawakuiba kitu. Katika kundi kama hilo hapana mwamuzi, hapana kupimana uzito, hapana goti la kuomba amani. Kila mmoja hupiga kidogo na hakuna mmoja akubaliye kwamba ameua. Aliyefunzwa kupigana vema ndiye awezaye kuwa wa kwanza kusimama katikati na kusema basi, kwa kuwa hana haja ya kumthibitishia mtu kwamba ana nguvu, na kwa kuwa ameonja kipigo na anajua kinavyouma.

Wanawake nao, ambao ni wengi sana katika soko, hawakuachwa nje ya elimu hii. Katika kilabu cha Rhino, kilicho katika mtaa wa maskini wa Katanga chini ya Makerere, wasichana hufanya mazoezi pamoja na wavulana, na humo alitoka Hellen Baleke, bondia aliyeiwakilisha Uganda mbele ya Afrika nzima. Msichana ajuaye kusimama imara, kutazama machoni na kuipaza sauti yake kwa wakati amekwisha kupata nusu ya ulinzi kabla ya kukunja ngumi.

Mpaka tunaousema hauwahusu raia peke yao; unawahusu na wenye bunduki. Isaac Ssenyange, aliyejulikana kwa jina la Zebra, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya ndondi na mwalimu wa vijana wengi wa Bwaise, aliuawa kwa risasi usiku wa kuamkia tarehe 30 Disemba 2020, karibu na nyumba yake. Vijana aliowafundisha kuacha kupiga mara mwamuzi asemapo walibaki wakiuliza ni nani mwamuzi wa wenye bunduki. Swali lao ni la haki, na nchi iliyokwisha kuonja utawala wa bondia asiye na mpaka inapaswa kuwa ya kwanza kulijibu.

Uwanja wa Nakivubo, jirani wa soko, ulibomolewa ukajengwa upya, na maduka mengi yamezungushwa pembeni yake. Ni jambo la insafu kwamba katika mali yote iliyowekezwa hapo ipatikane nafasi ya ulingo mmoja na mikeka michache kwa ajili ya watoto wa wachuuzi na hamali, na posho ya walimu ambao kwa miaka mingi wamefundisha bila ya malipo, wakinunua glavu kwa fedha za mifuko yao. Medali zikija tutazishangilia. Lakini hata zisipokuja, mji utakuwa umepata vijana wenye nguvu za kujilinda na adabu ya kumwachia aliyeanguka, na watu wa namna hiyo wanahitajiwa sokoni, polisini na ikulu sawasawa.