Amri Juu ya Kitambaa: Mshikamano na Wanawake wa Iran Ukitazamwa Kutoka Nyamwage

Nyamwage iko Rufiji, kusini mwa Daraja la Mkapa, kwenye barabara kuu iendayo Kilwa, Lindi na Mtwara, pale inapochepuka njia ya Utete. Wanawake wa hapa walio wengi ni Waislamu, na hujitanda: mtandio, ushungi wa kanga, baibui siku ya safari. Hakuna askari aliyewaamuru. Naanzia kwao kwa makusudi, kwa sababu mjadala kuhusu wanawake wa Iran unapofika kwetu huwa umekwisha kugawanywa mafungu mawili, fungu la wanaotetea dini na fungu la wanaotetea Magharibi, na mwanamke wa Nyamwage hana mahali pa kukaa katika mafungu hayo. Anajifunika na hataki kulazimishwa. Hoja yangu ni kwamba yeye, kuliko mwanaharakati wa Paris au Washington, ndiye mwenye haki kamili ya kusimama na wanawake wa Iran. Na kwamba mshikamano wa Afrika Mashariki utakuwa na uzito iwapo utatoka katika kumbukumbu zetu wenyewe za dola iliyojitwalia mamlaka juu ya mwili wa mwanamke.

Tarehe 13 Septemba 2022 binti wa Kikurdi mwenye umri wa miaka 22, Jina Mahsa Amini, alikamatwa mjini Tehran na polisi wa maadili kwa madai kwamba hijabu yake haikukaa sawasawa. Siku tatu baadaye alifariki hospitalini. Katika mazishi yake huko Saqqez wanawake walivua vitambaa vyao, na wito wa Kikurdi wa mwanamke, maisha na uhuru ukaenea nchi nzima. Waliojiunga hawakuwa wale tu wasiotaka hijabu. Walikuwamo wanaoivaa kwa imani, waliosema hadharani kwamba ibada inayosimamiwa kwa rungu imepoteza maana yake ya ibada. Kauli hiyo ya waumini imesikika kidogo mno huku kwetu, na ndiyo ambayo ingeeleweka upesi zaidi Rufiji.

Historia ya Iran yenyewe inakanusha dhana kwamba tatizo ni kitambaa. Mwaka 1936 Reza Shah aliamuru wanawake wavue hijabu, na polisi wake wakawa wanawavua kwa nguvu barabarani. Wako waliojifungia majumbani kwa miaka wasionekane bila stara. Mwezi Machi 1979, majuma machache baada ya mapinduzi, maelfu ya wanawake waliandamana Tehran kupinga tamko la Khomeini, kiongozi wa mapinduzi hayo, la kuwataka wajifunike kazini, na kufikia mwaka 1983 sheria ilikwisha kuweka adhabu ya viboko kwa asiyejifunika. Mtawala mmoja alivua, mwingine akavisha. Katika amri zote mbili mwanamke alikuwa ubao wa kuandikia sura ya taifa, na kalamu haikuwa mkononi mwake.

Sisi nasi tumewahi kuandika kwenye ubao huo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanganyika, ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na madawa ya kuchubua ngozi, na kampeni yake, Operesheni Vijana, ikapangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo makundi ya vijana yalikwisha kuwavamia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam, wakiwateremsha kwenye mabasi na kuwachania nguo. Sababu iliyotolewa haikuwa dini, ilikuwa utamaduni wa Kiafrika na heshima ya taifa changa. Wanawake waliopinga waliandika barua magazetini wakiuliza kwa nini utamaduni ulindwe kwa sketi zao ilhali suti za waheshimiwa, zilizotoka Ulaya vilevile, haziguswi na mtu. Swali lile halikupata jibu la maana wakati huo, na linafaa kuulizwa Tehran leo bila kubadilishwa hata neno. Idi Amin alifuata njia hiyohiyo Uganda mwaka 1972. Nairobi, Novemba 2014, wanawake walilazimika kuandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na kundi la wanaume kituoni, na wakatangaza kwamba nguo ni yao na uamuzi ni wao.

Lakini tukio linalotufunga na Iran kwa deni la moja kwa moja ni la Zanzibar. Septemba 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wajumbe wa Baraza la Mapinduzi, wanaume waliowazidi umri kwa mbali. Ndugu zao waliopinga walikamatwa. Hoja ya Rais Karume ilikuwa kwamba ndoa hizo zinavunja ubaguzi wa rangi, na kwamba enzi za usultani wanawake wa Kiafrika walitwaliwa masuria bila yeyote kupaza sauti. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni kweli, na ni kweli inayouma. Utumwa na usuria wa pwani hii ulikuwa dhuluma kubwa ambayo bado haijaandikwa ipasavyo kutoka upande wa wanawake waliotwaliwa. Hata hivyo, dola iliyolipiza dhuluma ya bibi kwa mwili wa msichana asiyekuwapo wakati ule haikumaliza usuria. Ilibadilisha tu mwenye nyumba. Habari zilivuka bahari, kukawa na kelele nje ya nchi, na serikali ya Muungano ikafedheheka. Mabinti wale walitetewa na watu wasiowajua, kwa kuwa ndani ya visiwa waliotaka kuwatetea hawakuweza kusema. Sisi wa pwani tunaosimulia kwamba mababu walitoka Shirazi, na kwamba kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa vitambaa, tumekuwa wepesi wa kukumbuka asili hiyo na wazito wa kukumbuka wasichana hawa.

Hapa hutolewa pingamizi kwamba ya Iran ni mambo ya ndani ya nchi nyingine. Pingamizi hilo halimfai Mtanzania. Kuanzia mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji walifunzwa Nachingwea, ng'ambo ya Kilwa ukizidi kwenda kusini. Wakimbizi wa ANC ya Afrika Kusini walijengewa shule Mazimbu, Morogoro. Pretoria nayo ilisema ubaguzi wa rangi ni mambo yake ya ndani. Tulikataa, na tulikuwa sahihi kukataa. Mfumo unaomhukumu mtu kwa rangi aliyozaliwa nayo haukupata hifadhi nyuma ya mpaka. Kwa nini mfumo unaomhukumu mtu kwa jinsia aliyozaliwa nayo uipate? Wanawake wa Iran na Afghanistan wanaotaka sheria ya kimataifa itambue ubaguzi wa jinsia kuwa jinai sawa na ule wa rangi wanatumia hoja iliyokomazwa katika bara letu, na ni ajabu kwamba sauti za Kiafrika zinazowaunga mkono bado ni chache. Tarehe 14 Desemba 2022, Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipoiondoa Iran katika Kamisheni ya Hali ya Wanawake kwa kura 29 dhidi ya 8, Nigeria na Zimbabwe zilikuwa miongoni mwa waliopinga, pamoja na Oman. Wajumbe 16 hawakupiga kura upande wowote.

Sauti ya nje hufanya nini hasa? Rufiji ina mfano wake. Mwaka 1955 John Hatch, mwanasiasa wa chama cha Labour cha Uingereza, alipoitembelea TANU aliuliza wanawake wako wapi. Kwa swali hilo Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba, aliyezaliwa Dar es Salaam kwa wazazi waliotoka Rufiji, alisukumwa mbele, na kwa muda mfupi akaingiza maelfu ya wanawake chamani. Mgeni hakuwaunda wanawake wale. Mtandao wa vikundi vya ngoma ulikuwapo, ukiwa na viongozi, michango na adabu zake. Swali lilifungua mlango tu. Bibi Titi mwenyewe alikuja kupoteza kiti cha ubunge cha Rufiji mwaka 1965, akakamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini na kuachiwa mwaka 1972. Marafiki wengi walimkwepa. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa wanafunzi waliopata mimba. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka akiwa mkoani Pwani kwamba aliyejifungua hatarudi shule za serikali. Asasi za ndani zilipinga kwa gharama kubwa, za nje zikaungana nazo, Benki ya Dunia ikasitisha kwa muda mkopo wa elimu na hatimaye, Machi 2020, ikaidhinisha dola milioni 500. Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi, na mwaka uliofuata Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto ikaamua kwamba kuwafukuza kulivunja haki zao. Sitaki kuisimulia habari hii kama ushindi mtupu. Fedha zilizochelewa zilikuwa za madarasa, na yumkini aliyekosa dawati alikuwa binti wa kijijini na si mtoa amri. Shinikizo la nje linalopita juu ya vichwa vya wanaodhulumiwa laweza kuwaumiza mara ya pili. Lililofanya kazi ni lile lililobeba madai yaliyokwisha kuandikwa na wanawake wa hapa.

Na kuna la aibu ambalo Iran hutukumbusha. Sheria ya huko inaruhusu msichana wa miaka 13 kuolewa. Ya kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inaruhusu miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kesi ya kuipinga sheria hiyo mwaka 2016 katika Mahakama Kuu, iliyoipa serikali mwaka mmoja iirekebishe, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019. Muda huo ukapita bila marekebisho. Anayesimama Nyamwage kuilaumu Tehran juu ya ndoa za watoto hana budi kusema na Dodoma pia.

Kibiti, jirani wa kaskazini, ina jambo zito zaidi la kusema. Kati ya mwaka 2015 na 2017 watu wenye silaha waliua viongozi wa vijiji na askari. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Operesheni za usalama zilifuata, na watu wakapotea. Wanawake wa Kibiti na Rufiji walibaki na watoto, mashamba ya mpunga na maswali ambayo hayakuwa na ofisi ya kuyapokea. Mwandishi aliyekuwa akiandika habari hizo, Azory Gwanda, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Watu waliokuwa naye ndani ya gari walifika kwa mkewe, yeye akaulizia ufunguo wa nyumba, akaaga kwamba anasafiri, hakurudi. Maofisa wawili wa Kamati ya Kulinda Waandishi, wanawake wote wawili, walipokuja Tanzania Novemba 2018 walishikiliwa hotelini usiku na kuhojiwa kabla ya kuachiwa.

Huko Iran, waliolitangaza jina la Mahsa Amini ni wanawake wawili waandishi: Niloofar Hamedi, aliyeripoti kutoka hospitalini, na Elaheh Mohammadi, aliyekwenda Saqqez kuandika mazishi. Walikaa gerezani miezi 17. Wote walifanya kazi ileile ya Azory, ya kuandika kilichotokea mahali ambapo wenye nguvu walitaka pasiandikwe. Kwa mwandishi wa Tanzania, au kwa TAMWA iliyoanzishwa na wanahabari wanawake mwaka 1987, mshikamano nao hauhitaji nadharia kutoka mbali. Barua moja inaweza kutaja majina yote matatu, na ikipelekwa kwa serikali zote mbili itakuwa na nguvu kuliko mbili zilizotenganishwa.

Wapo pia marafiki wa hatari. Tarehe 23 Juni 2025 ndege za Israel zilishambulia gereza la Evin, lililofungia wanawake wengi wa harakati hii. Watu kadhaa waliuawa, wakiwamo wafungwa na jamaa waliokuja kuwaona. Mshikamano unaompigia mfungwa bomu si mshikamano, hata kama aliyelirusha ametamka neno uhuru. Mwanaharakati Narges Mohammadi, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2023 akiwa Evin, amepinga ukandamizaji wa serikali yake na amepinga vita pia. Msomi wa Afrika anayenyamaza kuhusu Iran kwa kuogopa kuonekana kibaraka wa Marekani anamfanya Narges na wenzake wasiwepo, kana kwamba duniani kuna serikali tu zinazogombana.

Jambo la mwisho linahusu milango. Novemba 2022 Baraza la Haki za Binadamu liliunda tume ya kuchunguza ukandamizaji wa maandamano. Iran ikakataa kuiruhusu kuingia, na tume, ikitegemea mashahidi waliotoka au waliosema kwa siri, ikahitimisha Machi 2024 kwamba baadhi ya matendo yalikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Ni haki kudai Tehran ifungue mlango. Lakini Novemba 2019 Tanzania, mwenyeji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kupeleka mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwanamke wa Nyamwage aliyepotelewa na mume, au ambaye binti yake ameozwa akiwa na miaka 15, hawezi tena kufika Arusha kwa jina lake. Wabunge wetu, vyama vya wanasheria wanawake na vyuo vikuu wanaotaka kutoa kauli kuhusu Iran wadai, katika kauli hiyohiyo, kwamba tamko la Arusha lirudishwe.